Ombi la Binti Yangu Kuandikishwa Kuwa Panya

Kwa Mkurugenzi wa Taasisi ya Utafiti,

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na panya wako. Kwamba panya ni wazima sina shaka, maana habari za afya yao tunazipata kila jioni mezani kabla hata ya salamu. Mimi ni mama mkwe wa yule mtafiti wako mrefu, mwenye miwani iliyoungwa kwa gundi, anayewalisha panya madini ya chuma kisha akachungulia kinyesi chao. Nimekuja kukaa kwake kwa sababu binti yangu, mkewe, ana mimba ya miezi saba na kliniki wamesema damu yake imepungua. Sina mwingine, ni huyo mmoja tu. Naogopa, Ndugu Mkurugenzi, na mimi nikiogopa huandika barua.

Naomba, kwa heshima zote, binti yangu aandikishwe katika taasisi yako kuwa panya. Sababu zangu ni hizi:

1. Panya wanatunzwa. Mkwe wangu ameeleza kwamba wamegawanywa mafungu matatu: wanaolishwa chuma kidogo, wanaolishwa cha kiasi, na wanaolishwa cha kupindukia. Kisha anahesabu aina za bakteria waliomo matumboni mwao. Aina zikiwa nyingi, anafurahi kama mtu aliyepata mjukuu. Zikipungua, chakula hakimpiti. Bakteria! Vijidudu visivyoonekana, ndani ya tumbo la mnyama ambaye sisi wengine tunamtegea mtego. Binti yangu anaonekana vizuri kabisa, tena siku hizi anaonekana kutoka mbali, na sijaona mtu akimchungulia.

2. Friji. Niliifungua kutafuta maziwa, nikakuta vichupa vya mavi ya panya vimepangwa rafu ya juu, vimeandikwa tarehe kwa mwandiko mzuri kuliko ule wa kadi ya harusi yao. Nilipouliza, nikaambiwa kwa upole kwamba friji ya maabara imeharibika na kwamba vichupa vimefungwa barabara. Maziwa yetu yalikuwa rafu ya chini, hayana kifuniko.

3. Chai. Hapa naomba usome polepole. Binti yangu nimemkuza kwa chai ya rangi, nzito, ya kuchemka mpaka birika linalalamika. Nilipofika nikawa nampikia hiyo chai kwa kila mlo ili apate nguvu: asubuhi na uji, mchana na maharage, usiku na mboga za majani. Mwezi uliopita majani ya chai yakatoweka jikoni. Nikanunua mengine, nayo yakatoweka. Juzi nimeyakuta yote juu ya kabati la nguo, nyuma ya sanduku, mahali ambapo mtu mfupi kama mimi hafiki bila kupanda stuli. Mrefu katika nyumba hii ni mmoja. Nilipomuuliza, alitazama viatu vyake akasema labda ni panya. Panya! Mtu anayewajua panya mmoja mmoja! Wakwe wachoyo nimewaona, lakini wa kumnyima mjamzito kikombe cha chai, huyu ni wa kwanza. Ndiyo maana wakasema kikulacho ki nguoni mwako.

4. Vidonge. Kliniki walimwandikia kidonge kimoja cha kuongeza damu kwa siku. Kwa akili ya kawaida, kama kimoja kinafaa, vitatu vinafaa zaidi. Nikamwekea vitatu. Mkwe wangu akavitoa viwili mbele ya macho yangu, chupa akaifungia kwenye droo, na sasa anatoa kimoja kimoja kama anagawa dhahabu. Ananung'unika kwamba wale panya wake wa chuma cha kupindukia matumbo yamevurugika, vijidudu vyema vimepungua na vibaya vinafanya karamu. Kumbe binti yangu ni panya wakati wa kunyimwa, ila wakati wa kutunzwa ni mtu.

5. Hagombani. Namsema asubuhi, ananijibu ndiyo mama. Namsema jioni, naam mama. Kisha anakwenda kufanya vilevile alivyokusudia. Mtu wa namna hiyo utamshika wapi? Wahenga walisema mganga hajigangi. Hawakusema asimgange mkewe.

Kwa hayo yote, naomba binti yangu apewe kizimba chenye nafasi na dirisha, fungu la chuma cha kiasi, na mtaalamu wa kumkodolea macho kutwa. Ikishindikana, panya wote wahamishiwe hapa nyumbani. Nitawapikia mwenyewe, na chai watakunywa. Ikishindikana hilo nalo, basi mkwe wangu afungiwe kizimbani, fungu la chuma kidogo, ahesabiwe yeye vijidudu vyake, na akiuliza mke wake anaendeleaje ajibiwe ndiyo baba, naam baba. Kizimba kitupu hamwezi kukosa.

Nisalimie walinzi wa getini, yule mama wa mapokezi aliyenikatia simu, na wote wanaofagia vizimba. Panya nao wasalimie kwa mafungu yao, wasije wakaoneana wivu.

Mimi nisiyelala nikingoja jibu lako,
Mama Mkwe wa Mtafiti

Nyongeza: Sijafunga bahasha, na sasa hivi tumerudi kutoka kliniki. Damu imepanda. Mkunga alifurahi, akauliza nini kimebadilika, binti yangu akasema chai imekwisha nyumbani. Hapo mkunga akakunja uso. Akataka kujua ni nani aliyekuwa akimpa mjamzito chai nzito pamoja na chakula, wakati chai hiyo inazuia chuma cha kwenye maharage na mboga kisiingie mwilini. Binti yangu akatazama dari. Mkwe wangu akatazama viatu vyake. Hakuna aliyenitaja. Habari ya vidonge vitatu haikuguswa kabisa.

Njiani binti yangu akaninong'oneza kwamba mumewe alijua tangu siku niliyofika. Aliona haya kumsahihisha mama mkwe, akaona heri aitwe mchoyo.

Ningeichana barua hii, lakini nyuma ya karatasi nilizoandikia kuna hesabu za panya ambazo mkwe wangu anazitafuta tangu jana, na kumkabidhi mkononi siwezi. Kwa hiyo naituma, umrudishie wewe. Ombi la binti yangu kuwa panya lifute. Lile la kizimba kitupu liache, ila jina la mkwe wangu likate. Nitakuja mwenyewe. Nitakula chochote mtakachonipimia, na chai nileteeni baadaye, chakula kikishatulia.