Ombi la Kuahirisha Sendofu Mpaka Nyasi Zishike

Lugano Mwakisunga,
Ilomba, Mbeya.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Sendofu ya Andendekisye.

Ndugu Mwenyekiti Bartolomeo,

Heshima kwako, kwa mkeo, na kwa ng'ombe wako kule Usangu, ambao nasikia wamenenepa kuliko sisi wajumbe. Hapa kwangu sote hatujambo, isipokuwa uwanja.

Nakuandikia kwa adabu zote kama mjumbe wa kamati, kama mwenye nyumba, na kama baba mzazi wa bibi harusi, ingawa tangu kamati iundwe cheo hicho cha mwisho kimekosa kazi. Nimejaribu kusema haya kikaoni. Kila nikinyoosha mkono unaniomba niheshimu ajenda, na ajenda kila siku ni maturubai.

Kwa faida ya wajumbe wapya, naeleza tulikotoka. Binti yangu Andendekisye anaolewa na Nashoni, kijana wa Mlandege, Iringa. Sisi upande wa kike tunamuaga kwanza kwa sendofu hapa Ilomba Jumamosi, kisha anakwenda kuishi huko huko Iringa kwa mumewe. Kamati ikakataa ukumbi na kuamua sherehe ifanyike nyumbani kwangu, kwenye bustani ya nyasi kama zile tunazoziona kwenye simu za watu. Uwanja wangu haukuwa na nyasi. Ulikuwa na kuku na tairi moja la lori. Ndipo ukaunda Kamati Ndogo ya Udongo, ukamweka Bi. Nasrin, muuza vitambaa, kuwa kiongozi wake, na mimi ukaniweka mjumbe wa kawaida. Mjumbe wa kawaida, Mwenyekiti, kwenye uwanja ambao ufunguo wa geti lake uko mfukoni mwangu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ujuzi wangu ulidharauliwa. Nimeendesha lori la mafuta kati ya Dar es Salaam na Tunduma mpaka nikastaafu, na hakuna aina ya udongo barabara ile ambayo sijakwama ndani yake. Nimekwama kwenye mfinyanzi, nimekwama kwenye kichanga, nimekwama hata mahali ambapo wenzangu walikuwa wanapita wakinipungia mikono. Kwa hiyo niliposema nyasi zipandwe kwenye udongo mweusi mzito, nilikuwa nasema kitu ninachokijua kwa magoti. Udongo unaoweza kushika lori zima hauwezi kushindwa kushika ukoka. Bi. Nasrin, ambaye hajawahi kukwama popote maishani, akasema tuweke mchanga wa mtoni ili maji yapite chini na magauni yasichafuke. Aliangalia suala zima kuanzia kwenye pindo. Wajumbe wakampigia makofi kwa sababu walikuwa wamevaa viatu vyeupe.

2. Wewe mwenyewe, Mwenyekiti, ulileta maelewano. Nakulaumu kwa hilo kuliko kwa jambo lolote. Ulipoona upande wa mchanga na upande wa udongo hawasalimiani tena kwenye chai, ukaogopa watu watajitoa kwenye kamati, ukatangaza kwamba udongo utachangwa. Kila mjumbe alete gunia la udongo anaouamini, kutoka kwao. Watu walifurahi kama vile umewatoa kifungoni. Nimechangia harusi nyingi, nimetoa mchele, nimetoa soda, nimetoa kuni, lakini sijawahi kuona mahali popote watu wanachangia ardhi. Na wewe unajua kama mimi ninavyojua kwamba mchango hapa kwetu haukataliwi. Mtu akishaubeba begani mpaka getini kwako, unapokea, unashukuru na unapiga vigelegele, hata akiwa amekuletea kokoto.

3. Na kokoto zililetwa. Sitamtaja aliyezileta kwa kuwa ni mlezi wa kwaya. Wapo walioleta udongo mweusi wa Tukuyu ungali na moto wa jua. Wapo walioleta mchanga wa mtoni wenye konokono hai. Mjomba wa mke wangu alileta udongo wa shambani kwake Ruaha Mbuyuni, akatuapia kuwa ni safi. Mama mmoja alileta pumba, akasema kwao zinaota. Upande wa wakwe walikuja na udongo mwekundu wa Iringa kwenye buti la gari, umefungwa ndani ya kitenge kipya kana kwamba ni mjukuu. MC akautangaza kwa kipaza sauti, mke wangu Lusia akaupokea kwa mikono miwili akiwa amepiga magoti, na shangazi zake wakauzunguka wakiimba. Mimi nilikuwa nimeshika sepetu pembeni, sijui niupokee au niumwage.

4. Kwa kuwa hakuna mchango uliokubali kuchanganywa na mchango wa mwingine, kila gunia lilimwagwa mahali pake ili mwenyewe aone kuwa limetumika. Juu yake tukapanda ukoka, na wewe, Mwenyekiti, ukakata utepe. Sasa njoo utazame. Kwenye mchanga wa Bi. Nasrin nyasi zimekauka, maji hayakai hata kwa heshima. Kwenye udongo mweusi niliouunga mkono mimi nyasi zinaogelea, jambo ambalo naliona ni dalili ya rutuba. Kwenye udongo wa wakwe zimekuwa za njano, nadhani zimekumbuka nyumbani. Kwenye kokoto hakuna kitu. Kwenye udongo wa Ruaha Mbuyuni vimeota vitunguu, tena vizuri sana, na Lusia sasa anapika kutoka kwenye bustani ya maua. Siku ya mazoezi meza kuu ilizama mguu mmoja. MC alizama na kiti chake katikati ya hotuba ya kukaribisha wageni, na kwa kuwa ni mtu wa kazi aliendelea kuhutubia akiwa chini.

5. Wachangiaji hawaondoki. Kila jioni wanakuja kuangalia sehemu zao. Mtu anamwagilia kipande chake tu, anaiinamisha ndoo isidondoshe hata tone kwa jirani. Mama wa pumba ameleta mbolea ya kuku kwa kipande chake na kuifunika kwa khanga watu wasiione, lakini harufu haikufunikwa. Wameanza kuomba bibi harusi na bwana harusi wakalishwe juu ya udongo wao. Mlezi wa kwaya amesema kama keki haitakatiwa kwenye kokoto zake, basi kwaya isitarajiwe. Shemeji zangu wawili hawasemeshani kwa ajili ya mpaka usiofika upana wa kiganja. Mimi nilidhani naandaa sherehe, kumbe nimefungua baraza la ardhi.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba kwa unyenyekevu kamati ichukue hatua zifuatazo.

Kwanza, wageni wapimwe getini kwenye ile mizani ya mahindi. Wazito wakae upande wa mchanga, wepesi upande wa udongo mweusi, na wale wa katikati wasimame kwenye vitunguu bila kuvikanyaga. Najua kuna mama wakubwa watakaoona aibu. Hao wapewe cheti cha heshima.

Pili, visigino virefu viachwe barabarani. Kisigino kimoja cha mwanamke aliyekula vizuri kinafanya kazi ya jembe, na anapogeuka kusalimia kinafanya kazi ya trekta.

Tatu, muziki uwe wa polepole. Wanaotaka kurukaruka waruke kwa zamu, na anayeruka atangulie kutoa taarifa kwa Kamati Ndogo ya Udongo. Zawadi nzito kama friji na kabati zipitishwe juu ya ukuta. Upande wa wakwe nasikia wanakuja na ngoma. Waombwe waje na ngoma, lakini wachezaji wabaki kwenye basi.

Nne, kwa kuwa hata hayo yote hayatazisaidia nyasi, sendofu yenyewe iahirishwe mpaka zishike. Siwezi kutaja tarehe. Nyasi mpya zinataka msimu mzima wa mvua ili mizizi ishuke. Mvua zikiisha Mbeya inaingia baridi, na kwenye baridi nyasi zinalala kama watu wengine. Baridi ikiisha linakuja jua na vumbi, ambapo hakuna mtu mwenye akili anayekanyaga bustani changa. Kisha mvua zinarudi. Nimeipitia kalenda kwa makini nikiwa na mke wangu, ambaye alikuwa anacheka, na sijaona mwezi unaofaa. Sina haraka. Ni kweli kwamba bila sendofu Andendekisye hawezi kwenda Iringa. Hayo ni matokeo tu, siyo lengo la barua hii.

Tano, kama Nashoni ataona anachelewa, kamati imweleze kwa upole kwamba Mbeya nako kuna nyumba za kupanga. Anaweza kuhamia Ilomba. Nitamtafutia mwenyewe, tena mtaa huu huu, ikiwezekana tupakane ukuta, na ukuta huo niko tayari kuuvunja. Iringa ibaki pale ilipo, hatuna ugomvi nayo.

Sita, ikishindikana kabisa, sherehe ifanyike bila bibi harusi. Wageni wale, wacheze, watoe zawadi na waage, na yeye awe ndani ananitengenezea chai. Nimefikiri sana na sioni ambaye ataumia.

Mwenyekiti, wewe ni rafiki yangu, kwa hiyo nitasema jambo moja ambalo si la udongo. Kamati hii imeniuliza kuhusu rangi ya suti. Imeniuliza kuhusu maturubai, kuhusu jenereta, kuhusu nani akae karibu na mchungaji. Kuhusu kuondoka kwa mtoto wangu hakuna aliyeniuliza. Zamani nikirudi safari alikuwa anapanda kwenye lori kabla sijazima injini, anapiga honi mpaka majirani wanatoka wakidhani nimegonga mtu. Mpaka leo, mtu mzima na kazi yake, nikitoka hata kununua vocha lazima anisindikize mpaka getini akinitania mwendo wangu. Akiondoka tutabaki mimi, mama yake na redio. Naumia, Mwenyekiti. Naumia vibaya, na nimeona ni rahisi zaidi kuandika kuhusu nyasi.

Basi naomba ombi langu lisomwe lote kikaoni, lisifupishwe, na lisiwekwe kwenye mengineyo. Nisalimie wajumbe wote wa kamati kuu na kamati ndogo zake, kamati ya vinywaji wasalimie mara mbili maana ndiyo pekee ambayo haijaniletea gunia. Wasalimie wakwe zetu wa Mlandege, waambie udongo wao hatujautupa. Msalimie MC na umpe pole ya kiuno. Bi. Nasrin naye mpe salamu, za kawaida tu.

Ni mimi mwenye uwanja uliochangiwa,

Lugano Mwakisunga

Nyongeza:

Macho yangu yamechoka, kwa hiyo barua hii nilimpa Andendekisye aichape kwenye simu na kuituma kwenye kundi la kamati. Aliisoma akicheka mpaka akakaa chini. Alipofika mwisho akaacha kucheka. Alivaa mabuti yangu, akachukua jembe, akamwita mama yake, wakaanza kuzing'oa nyasi zote. Mchanga, udongo mweusi, ule mwekundu wa wakwe, pumba na kokoto, wamevichanganya pamoja bila kujali nani alileta nini. Niliwatajia jina la kila mchangiaji, hawakunisikiliza. Kisha wakamwagia maji, wakashindilia na kufagia. Nimetembea juu yake kutoka ukuta mpaka ukuta, nimesimama katikati na kupiga mguu chini kwa nguvu zangu zote. Sikuzama. Ni uwanja mzuri kuliko wowote niliowahi kuukanyaga, na hauna jani hata moja.

Kwa hiyo tafadhali futa malalamiko yote, pamoja na maombi yote, pamoja na mizani. Sendofu ni Jumamosi hii kama ilivyopangwa, na ngoma za wakwe zishuke kwenye basi.

Limebaki ombi moja. Andendekisye anataka nifungue naye muziki, mimi na yeye peke yetu, watu wote wakitazama. Nimekubali kabla sijafikiri. Kwenye harusi zote za maisha yangu nimekaa nje nikisema nalinda gari, na miguu yangu haijui kitu kingine zaidi ya pedeli. Naomba kamati initafutie mtu wa kunifundisha, aje leo leo. Wimbo aliouchagua ni mrefu, na amesema hataniachia mkono mpaka uishe.