Mpwa Wangu Asionekane Mgeni Chuoni

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimezaliwa na bahati! Kila mwanafunzi ninayemshika mkono hufika mbali. Napiga fotokopi kwenye lango la chuo. Hekima naitoa bure. Leo zamu ya binti wa dada yangu, mwaka wa kwanza, uchumi. Nimempa siri: mgeni hutambulika kwa kuuliza njia. Asiulize! Atafute kundi linalotembea kwa maringo, alifuate. Akauliza, je, wakimpoteza? Nikacheka mpaka karatasi zikanasa kwenye mashine.

Jumanne, 7 Oktoba
Mshauri wa wanafunzi, yule dada wa miwani mikubwa, kaweka meza mbele ya kibanda changu. Anagawa ramani! Nikamwambia anawaaibisha watoto wa watu. Eti heri aibu ya asubuhi moja kuliko kupotea muhula mzima. Jeuri huyo! Mpwa wangu kampita kichwa juu. Damu yangu ile!

Alhamisi, 9 Oktoba
Mpwa kaja na wasiwasi. Siku zote hizi wanafundishwa tumbo la ng'ombe. Nikamweleza: ng'ombe ni mali, mali ni uchumi. Akaridhika. Mimi pia, kidogo. Dada yangu, mama yake, kaona ratiba, kapiga simu: kesho jaribio la kwanza la uchumi, asiyelifanya anafutwa kwenye kozi. Nikamwambia alale fofofo, mtoto yuko na mimi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Balaa! Mpwa kaja mbio, analia. Kavalishwa koti jeupe, kapewa kisu, kaambiwa apasue. Kumbe wenye maringo ni mwaka wa tatu, wanasomea udaktari wa mifugo! Jaribio lake linaanza, jengo halijui. "Mjomba, nipeleke!" Nimpeleke wapi? Mimi mwenyewe nilisoma hapa muhula mmoja tu, nikifuata makundi. Nikameza kiburi, nikamwangukia yule wa miwani. Hakunicheka. Kamshika mtoto mkono, wakatimua mbio. Mimi nyuma, kandambili moja mguuni. Msimamizi wa jaribio alikuwa anafunga mlango. Akamtazama, akaufungua tena.

Jumatatu, 13 Oktoba
Kapita! Kwa kupenya, kwa yale ya sekondari, lakini kapita. Dada kaniita nguzo ya ukoo. Nimepokea. Mpwa sasa hata chooni anakwenda na ramani, namwonea huruma.

Jioni kaja kijana mwingine wa mwaka wa kwanza, sheria. Nikampa siri: asinunue daftari, wanaojua hawaandiki. Akauliza kama kuna niliowahi kuwafikisha mbali. Nikamjibu, kifua mbele: chungu nzima!

Humu daftarini naweza kusema kweli: hakuna hata mmoja.