Siku ya Kuzaliwa ya Metelitsa

Jumatatu, 13 Novemba 2017

Zoya Terentyevna anaondoka Jumapili! Anahamia Vladivostok, mwisho kabisa wa nchi, kwa bintiye, aliyejifungua. Amenipasha habari huku akishona namba mgongoni mwa jezi, kana kwamba anakwenda tu sokoni kununua kabichi. Nahodha wa kwanza wa klabu yetu ya mpira wa kikapu, Metelitsa, na sasa mtunza jezi wetu! Jubilei ya miaka hamsini ni Aprili ijayo. Hatakuwepo. Mimi, Arkady Zubarev, mtunza makumbusho ya klabu (makabati mawili na bomba la joto linalovuja), sikubali. Nina mpango. Jubilei ifanyike Jumamosi hii, tukicheza nyumbani. Ukumbi mzima usimame umpigie makofi. Atalia. Atabaki. Kazi imekwisha.

Jumanne, 14 Novemba

Margarita Olegovna, mkurugenzi wetu, karuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Kusherehekea kabla ya siku yenyewe? Nataka kuwaletea nuksi? Kagonga meza ya mbao, katema mate ya uongo juu ya bega la kushoto, ptu, ptu, ptu, kuifukuza hiyo nuksi. Korzhev, mtangazaji wa ukumbini, akadakia eti mzee kaanza kuchanganyikiwa. Huyo Korzhev! Kila mechi anamletea Zoya chokoleti, anadhani sioni.

Jumatano, 15 Novemba

Nimepata dawa nikichemsha yai. Kama kusherehekea mapema ni nuksi, basi tuisogeze historia! Wote husema klabu ilizaliwa Aprili 1968, timu iliposajiliwa. Mimi nasema ilizaliwa Novemba 1967, wafanyakazi wa kiwanda cha boila walipoangika ringi ya kwanza kantini. Nikamuuliza mkurugenzi: umri wa mtu huhesabiwa tangu kuzaliwa au tangu kuandikishwa shule? Akakuna kichwa. Akasema sawa, lakini nimletee mtu aliyeshuhudia. Ushindi!

Alhamisi, 16 Novemba

Balaa. Mimi sikuwepo, nilikuwa jeshini. Aliyebaki hai ni mmoja tu: Zoya mwenyewe. Nikampeleka kwa mkurugenzi, nikamkonyeza mpaka jicho likauma. Wapi! Akaeleza kwamba ringi waliiangika Machi 1968, theluji ikiyeyuka na paa likiwadondokea maji, na kwamba yeye ndiye aliyeshika ngazi. Korzhev kacheka mpaka kakohoa. Baadaye Zoya akaniuliza kwa upole nina nini wiki hii. Nikasema mafua.

Jumamosi, 18 Novemba

Wakati wa mapumziko Korzhev alitoka kuvuta sigara. Nikakamata kipaza sauti. Tulikuwa tunaongoza kwa pointi kumi na tano. Nikatangaza: hongera Metelitsa kwa miaka hamsini, hongera nahodha wetu wa kwanza, Zoya Terentyevna!

Makofi? Thubutu! Ukumbi mzima ptu, ptu, ptu. Watu wakahangaika kutafuta mbao za kugonga, na viti vyetu ni vya plastiki! Bwana mmoja akaamua kugonga kichwa cha jirani yake. Kipindi cha pili hakuna mpira uliotaka kuingia. Tumefungwa. Muuza maandazi ya kabichi kagoma kuniuzia.

Lakini Zoya! Alikuwa kwenye benchi, jezi usoni, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Anacheka! Anacheka mpaka machozi. Nampenda mwanamke huyu. Basi, nimeandika.

Jumapili, 19 Novemba

Nimekwenda kumsindikiza. Kwa desturi yetu, kabla ya safari lazima watu wakae kidogo, kimya, na mkubwa kwa umri ndiye wa kwanza kusimama. Zoya namzidi miezi miwili. Nikakaa kwenye kochi lake. Sikusimama. Asiposimama mkubwa, safari haianzi!

Korzhev, aliyejipendekeza kubeba mizigo, akaangalia saa. Zoya akaniambia nisimame, treni itamwacha. Nikasema mguu umekufa ganzi. Akamtuma Korzhev ateremshe mabegi, akaketi tena, safari hii karibu yangu kabisa.

Akasema, akiniita kwa jina la utotoni: “Arkasha, umetaka kuhamisha historia ya klabu nzima ili usiseme neno moja tu. Haya, liseme. Nipo.”

Nikamuuliza ni nani sasa atafua jezi.

Akanitazama weee. Akanibusu kwenye paji la uso, akasimama yeye. Nikamsikia akishuka ngazi polepole, anasimama, anashuka tena. Nililia palepale, sioni haya kusema.

Jumatatu, 20 Novemba

Kapiga simu akiwa njiani, asubuhi. Sikupokea. Ningesema nini, bila maandalizi? Ila jambo moja limeniingia sawasawa: mapenzi hayataki kuzungukazunguka. Kwa hiyo nimekwenda moja kwa moja kwa Margarita Olegovna, nikamweleza kwamba kihistoria Metelitsa ina dada yake Vladivostok, timu ya kiwanda cha samaki, na kwamba ni aibu hatujawahi kwenda kucheza nao. Msafara uongozwe na mtunza makumbusho. Amesema atafikiria. Sasa kilichobaki ni kuhakikisha timu hiyo iliwahi kuwepo.

Simu inaita tena. Ni Zoya. Asubiri kidogo, nina kazi ya kutafuta namna ya kumfikia.