Ongeza Upofu Kidogo

Alhamisi asubuhi Kituyi alifika kibandani na habari imemjaa mdomoni kama kiazi cha moto. Pale kwa Jemutai, nyuma ya stendi ya Eldoret, mtu hakai benchi bila kubatizwa upya. Kituyi, fundi viatu, anaitwa Spika, na si yule wa bungeni. Ni ile ya matanga, inayosikika hadi mtaa wa pili. Jemutai mwenyewe, kwa jinsi anavyoipenda chai yake iwe nyepesi, ni Wizara ya Maji. Mzee Kipyego ni Fotofinishi: picha ya utepeni ilionyesha kwamba alishindwa mbio kwa ncha ya pua miaka arobaini iliyopita, na rufaa yake bado anaisoma kila asubuhi. Naye Mabonga, kipofu tangu kuzaliwa, anayewakanda wanariadha misuli, ni Ramani, kwa sababu mgeni akipotea mjini humo huelekezwa kwake aulize njia.

Spika alisimama katikati yao akasoma kwenye simu. Wale watu wa filamu waliotoka Nairobi, waliokuja kutengeneza mchezo wa kipofu anayetafuta njia yake mjini, walikuwa hawajampata huyo kipofu. Majaribio ya mwisho ni leo, saa nane mchana.

"Ramani, na hii si kazi yako kabisa?" akauliza.

Mabonga aliipuliza chai yake. Alitaka kunyamaza, lakini benchi lile halijawahi kumruhusu mtu anyamaze.

"Nilienda Jumatatu. Wakanikataa."

"Kwa nini?"

"Walisema sionekani kipofu vizuri."

Ndipo Mabonga akawasimulia. Alikuwa amepanda ngazi, akaingia, akasikia wako wanne, akamsalimia kila mmoja akimwelekea, akavuta kiti, akaketi. Dairekta, mama mmoja anaitwa Brigid, alimshukuru kwa upole mwingi, kisha akamwambia kwamba watazamaji hawataamini. Kama anataka, arudi Alhamisi, lakini aongeze upofu kidogo.

Wizara ya Maji aliuliza kama upofu siku hizi unapimwa kwa kijiko kama sukari. Fotofinishi akasema hayo ni yale yale yaliyompata yeye, watu wanaangalia picha badala ya mbio. Ilibidi wamzuie kabla hajafika mzunguko wa mwisho.

"Kwani huyo kipofu wao anafanya nini?" Spika akataka kujua.

"Anashika watu uso ndio awajue. Sasa wewe niambie, hapa Eldoret ushike bibi ya mtu uso pale sokoni. Si utapigwa kabla hujajua kama ni mrembo? Halafu kuna mahali analia, ati giza, giza. Mimi hiyo giza sijawahi kuiona. Nitaililia aje?"

Fotofinishi alisema filamu ya ukweli ingekuwa ya pikipiki zinazoegeshwa pale pa kutembea kwa miguu, na ya wale wanaoiba vifuniko vya mitaro kwenda kuuza chuma. Mabonga akakubali, lakini akasema hao angalau hawamwombei. Kuna wanaomtisha zaidi, nao ni wasaidizi. Juzi alikuwa amesimama kando ya barabara akimngoja mteja, mkimbiaji kutoka mji wa Burnt Forest mwenye goti bovu. Msamaria akamkamata mkono akamvusha. Mabonga akarudi. Msamaria wa pili akamvusha tena. Mteja alipofika alimkuta mikononi mwa wa tatu, anavushwa huku akiombewa, na ikabidi akandwe goti upande wa pili wa barabara.

Walicheka mpaka Wizara ya Maji akaweka birika chini. Mabonga alicheka pia, lakini hakufika nao mwisho.

"Shida ni Nanyama," akasema. Nanyama ni binti yake, yuko gredi ya tano. "Amekwisha kutangazia darasa yote ati babake ako kwa filamu. Mwalimu akawaambia wapige makofi. Sasa makofi nitairudisha aje?" Akapiga funda la chai. "Na tena, hizi filamu mimi nimezisikiza zote. Kipofu ama anakufa kwa mtaro, ama anaombewa anaona. Sijawahi kusikia hata mmoja anafika tu kwake, anakula ugali, analala. Nikiwa huko ndani, angalau nitawaambia."

"Basi tukufundishe," akasema Spika.

Hivyo ndivyo wenye macho watatu, ambao jumla yake ni macho sita, walivyoketi kumfundisha kipofu upofu. Fotofinishi alimwambia anyooshe kidevu juu kama ng'ombe anayenusa mvua. Spika akamwambia atangulize mikono na ajikwae kwenye benchi. Mabonga alijaribu kwa moyo wake wote, lakini benchi lile amelikalia miaka kumi na moja. Mguu ulilizunguka wenyewe. Wakamsogezea jiko njiani, akasikia joto, akapita kando. Spika akaliweka sanduku lake la kazi. Gundi ikanuka, Mabonga akaliruka kwa adabu.

"Wewe unatuharibia," Spika akalalamika. "Tazama vile inafanywa."

Akafumba macho, akanyoosha mikono, akaanza safari. Hatua ya tatu ilitosha. Alianguka na stuli, na chai ya Fotofinishi, na sahani ya mandazi.

"Umeona sasa?" akauliza kutoka huko chini.

"Sijaona," akasema Mabonga, "lakini nimesikia."

Wizara ya Maji aliokota mandazi yake akayapangusa kwa kanga. Alisema yeye haelewi kwa nini ni lazima mtu aanguke ndio aaminiwe, na kwamba tangu afungue kibanda hicho amevunjiwa vikombe ishirini, vyote na watu wanaoona. Spika na Fotofinishi, ambao ndio wavunjaji, wakashughulika na stuli.

Saa saba na nusu Mabonga alivaa koti, akainua kidevu kwa pembe aliyofundishwa, akaondoka. Spika alifuatana naye, ati amwongoze.

Walirudi saa kumi. Mabonga alikuwa mbele, na begani mwake mkono wa Spika umeng'ang'ania kama kupe, maana Spika alikuwa amevaa miwani myeusi na plasta kubwa kwenye paji la uso.

"Nini imefanyika?" akauliza Wizara ya Maji.

"Huyu amepata kazi," akasema Mabonga, akimsaidia Spika kutafuta benchi. "Tumefika mlangoni, akaanza kushangaa mataa. Akakanyaga nyaya. Akaenda chini na taa tatu na mtu mmoja wa kamera. Dairekta alisimama kwenye kiti, akasema ndiye huyo, ndiye tumekuwa tukimtafuta."

"Ni kipaji," akasema Spika kwa unyenyekevu, akipapasa hewani akitafuta kikombe kilichokuwa mbele yake.

Fotofinishi alitikisa kichwa. Wizara ya Maji alimmiminia Mabonga chai, na kwa mara ya kwanza mwaka huo ilikuwa na maziwa.

"Pole, Ramani. Na Nanyama utamwambia nini?"

"Nitamwambia wapige makofi tena. Mimi pia nimepata." Akanywa funda moja, akashangaa ladha. "Kuna sehemu moja ilikuwa imewashinda. Kila mtu akiijaribu anaangalia kamera. Mimi kamera sijui hata iko wapi. Dairekta akasema hajawahi kuona mtu anamtazama mwenzake machoni vizuri hivyo."

"Sehemu gani?"

"Daktari wa macho. Jumatatu ninampima Spika, halafu ninamwambia pole, hakuna matumaini. Huo mstari sitasumbuka kuukariri."

Kicheko kilienda hadi stendi na kurudi. Kilipopoa, Fotofinishi alisogeza stuli karibu na Mabonga akashusha sauti.

"Daktari, hebu nitazamie hii ya kushoto. Tangu wiki iliyopita inatoa machozi."

Mabonga akaweka kikombe chini, akamgeukia.

"Kuja kesho, mzee," akasema. "Leo sijabeba tochi."