Taa Mbili za Njano na Ukungu Uliokataa Kuja

Jumatatu, 10 Machi

Nimesimamishwa na trafiki! Mimi, Mphikeleli Shezi, niliyeendesha lori la maziwa hapa Bulwer kabla mama yake yule askari hajaota meno. Anaitwa Dladla, binti mdogo tu, na kaweka kizuizi cha wiki nzima kwenye kona ya zahanati. Kosa langu: nimewasha taa za ukungu, zile mbili za njano kwenye bampa ya Cortina yangu, na ukungu haupo. Akasema taa za ukungu ni za ukungu. "Haya babu, nionyeshe huo ukungu uko wapi." Nikatazama juu. Hata wingu la kusingizia halikuwepo. Bulwer hii! Ambako mtu hupoteza ng'ombe ndani ya zizi lake mwenyewe! Akanionya kwamba nikirudia, gari halitoki pale mpaka taa zing'olewe.

Balaa lenyewe ni kwamba MaMbanjwa, yule nesi wa zamani, anahama Jumamosi. Nyumba yake iko juu ya kona ileile. Anakwenda kukaa na bintiye Pinetown, ndiyo basi tena. Lazima azione taa zangu kabla hajaondoka. Akiziona atajua, na mimi sitahitaji kusema lolote.

Jumanne, 11 Machi

Nimeisoma sheria. Taa hizi zinaruhusiwa mtu asipoona vizuri kwa sababu ya ukungu, theluji, vumbi au moshi. Vumbi! Kumbe serikali ina huruma.

Nikamwendea Memela. Huyu ni mwalimu mstaafu, kafiwa na mke kama mimi, ana pikapu mpya yenye safu ya taa juu ya paa. Zote kazifunika vifuniko vya plastiki kama chakula kinachokingwa nzi, maana barabarani haziruhusiwi kuwaka. Na hazina kazi nyingine ila maringo. Kajitolea kumhamisha MaMbanjwa. Kiherehere! Nikamwambia MaMbanjwa anapenda dereva mwenye mbio, apite leo njia ya udongo kwa kasi mpaka kwenye kona, amwone. Mimi ningefuata nyuma, ndani ya vumbi, taa zinawaka kihalali.

Akaenda mwendo wa mazishi! Alikuwa ameosha gari. Vumbi halikufika hata nusu ya gurudumu. Akatoa kichwa dirishani: "Taratibu, mzee mwenzangu, rangi itachubuka!" Kwenye kona Dladla akanisalimia kwa jina. Si dalili nzuri.

Jumatano, 12 Machi

Leo sina mpango. Nimeshinda nikizisugua taa kwa kitambaa cha flaneli.

Mwaka 1981 zilikuwa kwenye lori la maziwa. Magari yote yalikuwa na taa nyeupe, langu peke yake lilikuwa na macho ya njano. MaMbanjwa alikuwa nesi wa zahanati, akikaa palepale juu ya kona. Asubuhi za ukungu aliziona zikipanda kilima, akabandika birika. Nikifika, chai tayari, na mkate wa mvuke bado moto. "Nimeyaona macho yako, Shezi." Basi. Hakusema zaidi, nami sikusema zaidi. Nilidhani tuna muda mwingi.

Akaolewa na bwana mmoja wa Pietermaritzburg, akarudi kwenye nyumba ileile akiwa mjane. Nami nikaoa MaNgubane, Mungu amrehemu, mke mwema kabisa. Kiwanda cha maziwa kilipofungwa, wenzangu waliomba makopo. Mimi niliomba taa. Asubuhi zile ninazitamani mpaka kifua kinauma.

Alhamisi, 13 Machi

Moshi! Nimejaza nyasi mbichi kwenye pipa kando ya kona, nikawasha, nikakimbilia Cortina. Moshi ulikuwa mzuri ajabu. Kisha upepo ukageuka, moshi wote ukapanda kwa MaMbanjwa, ambaye alikuwa ameanika mapazia yote ya nyumba. Akafunga madirisha kwa kishindo. Hakutazama barabarani hata kidogo.

Dladla akatokea akikohoa. Nikamkumbusha kwamba sheria inataja moshi. Akajibu kwamba sheria inamtaja pia anayewasha moto kando ya barabara, na angeniandikia faini kama si mvi zangu. Badala yake akanipeleka juu nikaombe radhi.

MaMbanjwa akanipa beseni na sabuni. Tumefua mapazia wote wawili, tumeketi bega kwa bega mchana kutwa. Akaniuliza kwa upole, "Shezi, una neno?" Nikamwambia sina. Sikutaka kuharibu mambo kabla ya taa.

Ijumaa, 14 Machi

Jua kali. Nimepiga magoti kuomba ukungu. Kanisani wanaomba mvua, kwa hiyo sidhani kama nimekosea sana. Memela kapita mara tatu akipiga honi.

Jumamosi, 15 Machi

UKUNGU! Nimefungua mlango, sikuona ngazi! Nimevaa suti. Dladla alikuwa kasogea chini ya kilima kuongoza magari. Akanipigia saluti: "Washa babu, leo washa tu! Uko sawa kabisa!" Nikapanda polepole, macho ya njano yanawaka, machozi yananitoka kama mtoto. Nikafika kwenye kona, nikasimama, nikaelekeza gari juu kwenye nyumba. Nikawasha na kuzima, nikawasha na kuzima. Nilihisi kabisa ananitazama.

Ukungu ukapungua. Ng'ombe wawili walikuwa wananitazama. Nilikuwa nimesimama kwenye josho, kona nimeipita zamani.

Niliposhuka, Dladla akaniambia pikapu ya Memela imeshaondoka. Yule mama alimsimamisha Memela kwenye kona, akashuka, akasimama barabarani muda mrefu, akiuliza kama kuna aliyeona taa za njano. Dladla, aliyekuwa amerudi kwenye kona, alimjibu kwamba zilipanda, lakini zilikoelekea hajui, kwa ukungu ule hata mkono wake mwenyewe haoni. Nimerudi nyumbani. Suti nimelala nayo.

Jumapili, 16 Machi

MaMbanjwa kanipigia simu! Kanisema vizuri tu. Kwa nini sikuja kumuaga kama watu? Kisha sauti ikalainika. Akasema basi la Pinetown lipo kila siku, kuna kiti cha pili barazani. Akasema kama nina neno, nilitoe sasa hivi, yeye si msichana tena na anasikiliza.

Nikamuuliza kama huko kuna ukungu.

Akasema upo mara mojamoja, labda kuanzia Septemba.

Septemba si mbali. Nimemwambia anisubiri.