Paneli ya Mama Sabuni

Injinia aliiona bahati yake ikiwa imelala uani kwenye kiwanda cha sabuni, imefunikwa turubai: mota kubwa, mpya, bado haijaunganishwa na waya hata mmoja. Mtu mwingine angeona mota. Yeye aliona chumba chake mwenyewe chenye mlango na kitasa, maana alikuwa amechoka kulala kwenye kochi la dada yake, aliyemwamsha kila asubuhi kwa ncha ya ufagio.

Cheo cha uinjinia alijipa mwenyewe, tena kwa unyenyekevu. Angeweza kujiita profesa, na nani angemkataza?

"Mama, nani anakuchagulia vifaa vya umeme?" alimuuliza mwenye kiwanda, mjane ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sabuni.

"Sina mtu, baba. Kila ninayemuuliza ananitajia bei ya kuniua."

"Wanakuibia, mama yangu. Mjini hapa kuna wezi!" alisema Injinia, kwa uchungu wa mtu anayewafahamu kwa karibu.

"Na vya kwako ni halisi?"

"Halisi kama mimi mwenyewe."

Akataja bei. Macho ya Mama Sabuni yakang'aa. Mtu mchoyo akitajiwa bei ndogo husahau kuuliza kwa nini, na Injinia alikula na kunywa kutokana na usahaulifu huo. Wakakubaliana: nusu sasa, nusu mashine ikishawaka.

Vifaa vikaja. Nyaya zilikuwa nene kwa nje, ila unene wote ulikuwa plastiki. Ndani mlikuwa na uzi wa alumini uliopakwa rangi ya shaba. Breka za kukata umeme hazijawahi kukata kitu na hazikuwa na nia hiyo. Shemeji wa Mama Sabuni, fundi mkimya wa kiwanda, alivifunga vyote kwenye paneli, lile kabati la umeme la ukutani, bila swali. Injinia alimwona mjinga, akampenda sana.

Ijumaa Mama Sabuni akamwita. "Jumatatu uje mapema, mwanangu. Unawasha."

"Mimi? Si fundi yupo?"

"Hapa kwangu aliyechagua vifaa ndiye anayewasha, kwa mkono wake. Halafu anakaa pale mpaka sabuni ya kwanza ikatwe." Akaonyesha kiti cha chuma kilichogusana na paneli, juu ya sakafu iliyolowa maji ya magadi. "Utaratibu wa marehemu mume wangu. Tangu auweke, wauzaji wengi wamekuwa wakipata misiba ya ghafla siku ya kuwasha, mbali kweli kweli."

"Mama, mimi nina mgongo..."

"Hujalazimishwa. Ila malipo ya mwisho hupokelewa kwenye kile kiti."

Injinia akakitazama kiti. Akakumbuka vifaa vilivyokuwa mle ndani ya paneli. Kukimbia? Nusu aliyopewa haitoshi chumba. Lakini akibadilisha vifaa kimyakimya, nusu ya pili itabaki salama, na yeye pia.

Akakimbilia duka la vifaa halisi, duka ambalo kwa kawaida alilipita upande wa pili wa barabara.

"Nipe breka ya mota."

"Mota ya nguvu gani?" muuzaji akauliza.

"Kubwa."

"Kubwa vipi?"

Injinia akapanua mikono.

Muuzaji akamtazama kama anavyotazamwa mgonjwa. "Kaka, nenda kasome kile kibao kilichobandikwa kwenye mota. Inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kuliko ikishachangamka. Ukikosea breka, itakata kila ukiwasha, au isikate kabisa uungue. Na waya unapita wapi? Kuna joto? Kuna mvuke?"

Akarudi kiwandani, akasoma kibao, akapima njia ya waya kwa hatua, akapapasa bomba la mvuke likamuunguza kidole. Akanunua waya wa shaba unaohimili joto, breka inayolingana na mota, na maboksi yasiyopitisha maji. Hela ya Mama Sabuni ikaisha yote. Jumapili shemeji akakubali kumsaidia kubadilisha, kwa ujira mnono na kiapo cha kutomwambia mtu.

"Haya mabovu tuyaweke stoo," shemeji akasema. "Nitayatupa mwenyewe."

Jumatatu Injinia akafumba macho, akawasha. Mota ikanguruma. Akakaa kitini, akiomba dua alizodhani amezisahau, mpaka kisu kikashuka na mche wa kwanza wa sabuni ukaanguka mezani.

"Mama, tumalizane," akasema, mkono mbele.

"Mbona tumeshamalizana?" Mama Sabuni akafungua stoo. Nyaya za alumini zilikuwa zimepangwa vizuri kama dukani. "Hivi ni vya nani, baba? Nimwite polisi aje avitambue, au utavisahau, pamoja na hayo malipo?"

Shemeji alikuwa akisafisha kucha kwa bisibisi.

"Umejua tangu lini?" Injinia akauliza kwa sauti ndogo.

"Tangu uliponitajia bei. Mwanangu, kuchagua vifaa halisi mimi siwezi. Ndiyo maana nawaacha watu kama wewe waninunulie. Ile paneli ya boila alinichagulia kijana mmoja aliyevaa tai, tapeli kama wewe. Alilia, maskini, ila alichagua vizuri." Akampangusa vumbi begani. "Mwakani naongeza kiwanda cha mafuta ya kupaka. Nikuite?"

Injinia akafungua mdomo amtukane.

"Mota ngapi, mama?" akajisikia akiuliza.