Namna ya Kuliwasha Basi la Yusto

Jumatatu, 2 Juni
Baridi kali. Kibanda changu cha kushona viatu hakina mteja, nikashika simu. Kundi letu la mchezo wa kuendesha mabasi kwenye simu limechafuka! Wageni wanapakua basi la marehemu mdogo wangu Yusto, alilolitengeneza mwenyewe ili watu waliongeze kwenye mchezo. Wanaliweka pasipo pake, halafu wanalalamika linagoma. Dada Justa, msimamizi wa kundi, amesema Jumamosi mgeni atajaribu mabasi mawili. Litakalowaka bila mgeni kuuliza swali ndilo litabaki. Lingine litafutwa.

Lingine ni la Modesti. Lina taa za disko. La Yusto linakuja na barabara yake ya kwenda Kasesya, na kwenye kituo cha Mwimbi amejichora mwenyewe, koti la kijani, anapunga mkono. Likifutwa, na yeye anaondoka.

Jumanne, 3 Juni
Nimeandika maelekezo mapya. Safi kabisa! Nimeanza na salamu, maana huku Ufipa huwezi kumwambia mtu "bonyeza" kabla hujajua ameamkaje. Nimeuliza habari za nyumbani, za mahindi, za ulezi. Nimeeleza Yusto alivyopuliza chai hata ikiwa imepoa. Faili linatajwa baada ya chai.

Modesti kauliza kundini: kaka Kalisti, haya ni maelekezo au shukrani za msiba? Wamecheka. Wivu tu.

Jumatano, 4 Juni
Mgeni aitwaye Meshack amesoma! Amejibu salamu zote. Nyumbani wazima, mahindi mazuri, ulezi umeliwa na ndege. Kisha ameaga. Hakupakua kitu. Lakini kijana mstaarabu sana.

Alhamisi, 5 Juni
Mbinu. Nimefungua akaunti ya pili, jina Zenon Mgeni. Zenon ameandika kwamba hajui lolote, amefuata maelekezo ya kaka Kalisti, basi limewaka papo hapo. Watu wakaanza kuamini. Ndipo Zenon akanogewa, akasifu hata kifungo cha juu cha koti la yule wa Mwimbi, kilivyoshonwa kwa uzi wa viatu.

Kifungo hicho kwenye mchezo hakionekani. Nilikishona mimi, kwenye koti lake la kweli.

Modesti akamuuliza Zenon uzi ameuonea wapi. Nikazima simu. Justa alinipata baadaye, akasema kwa upole, pole kaka, lakini Zenon atoke leo. Zenon ametoka. Kwanza ameaga na kuwasalimia wote nyumbani.

Ijumaa, 6 Juni
Amenipigia Kashinje, mama mfugaji wa upande wa Mwazye. Simu yake ni mpya, analitaka basi. Nikaanza kumuuliza habari za mifugo. Akanikatiza: baba, mifugo ndiyo hii inaondoka, niambie naanza na nini! Nikababaika. Nikasema upesi: pakua faili, lihamishe kutoka folda ya vipakuliwa, liweke kwenye folda yenye jina la mchezo, fungua mchezo, gusa gereji. Akakata bila kuaga.

Muda si mrefu kayabandika maneno hayohayo kundini. Makavu, hata shikamoo hakuna! Nimeona aibu, jina langu liko chini yake.

Jumamosi, 7 Juni
Justa amempa Meshack jaribio. Maelekezo ya Modesti yalisema: mshikaji, tupia kwenye folda, umemaliza. Meshack akauliza folda ipi. Kwisha!

Kisha la Yusto, kwa yale maneno makavu ya Kashinje. Nikashika kiatu cha mteja bila kukishona. Halafu ikaja picha, wala si swali: barabara, mahindi makavu, basi limesimama Mwimbi. Meshack ameandika kuna mtu wa koti la kijani amempungia mkono, naye akampigia honi.

Wengine nao wakaanza kutuma. Wote wamesimama Mwimbi. Hata Modesti. Ameandika: jamaa ana adabu huyu, anasalimia kila gari.

Ndivyo alivyokuwa.

Jumapili, 8 Juni
Nimetoka misa nikiwa na amani. Basi limebaki. Nimetafakari kilichotuokoa, ni wazi: salamu zangu za Jumanne. Meshack alikuwa ameshazisoma, moyo wake ukawa tayari.

Haya ya Kashinje yana kasoro, hayamkaribishi mtu. Justa ameniruhusu kurekebisha herufi tu. Nimeanza. Niko kwenye habari za ulezi. Faili nitalitaja baada ya chai.